Goti Linapouma, Maisha Yasisimame

Mazungumzo kwa akina mama na wote wanaomtunza mzee nyumbani

Ikiwa hapo nyumbani kuna mzee ambaye magoti yanamsumbua, tafadhali mwite aje akae karibu na redio. Mletee kiti, usimletee kigoda. Kwa nini nikasema kiti wala si kigoda, utajua baadaye kidogo.

Leo tunazungumza juu ya maumivu ya goti, yale yanayokuja polepole na umri na kukaa miaka mingi. Wengi wetu tumeyazoea. Tunasema, "Ni uzee tu," kisha tunaendelea na mambo mengine. Lakini anayeumwa haendelei. Yeye hubaki nyuma.

Nianze na boma moja. Sitalitaja jina, kwa sababu laweza kuwa boma lako au la jirani yako.

Katika boma hili kuna nyanya wa miaka 68. Wengine mngemwita cucu, wengine dani, kogo, kukhu au susu. Ni yule yule. Zamani kidogo alikuwa akiamka alfajiri na kukama ng'ombe wake mmoja. Alipalilia mboga zake mwenyewe, na kila Alhamisi alikwenda kwenye chama cha akina mama wenzake. Kisha goti la kulia likaanza kuuma. Kwanza liliuma alipoteremka kwenda kisimani. Baadaye likawa linauma akiinuka kutoka kwenye kigoda cha jikoni. Asubuhi lilikakamaa kama bawaba ya mlango iliyoshika kutu, na akilikunja lilitoa sauti ya kusagika.

Mkaza mwana wake ni mwanamke mwema. Alimwonea huruma, akamwambia, "Mama, wewe keti tu. Kazi zote nitafanya mimi." Akachukua jembe. Akachukua ndoo ya kukamulia. Akamwekea kiti kando ya ukuta, mahali penye jua. Chakula nyanya analetewa, maji ya kunawa analetewa, hata redio analetewa.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, nyanya yule hawezi kufika langoni. Mapaja yamekonda na mwili umenenepa kiunoni. Haongei sana. Chai ya jioni haitaki tena, kwa sababu anaogopa kuamka usiku kwenda choo cha shimo. Chama kilimtumia salamu mara mbili, mara tatu, halafu kikazoea kuona nafasi yake iko wazi.

Nawauliza akina mama: ni nini kilichomfikisha nyanya huyu hapo? Ni goti? Goti lilianza, ndiyo. Lakini kiti ndicho kilichomalizia. Na kiti hicho kililetwa na mapenzi.

Hilo ndilo neno langu la leo. Ugonjwa huu wa goti hauna dawa ya kuufuta kabisa, lakini maisha mema na goti bovu yanawezekana. Yanategemea sana sisi tunaomtunza mgonjwa.

GOTI LINAUMWA NINI?

Siku utakapochinja kuku, tazama mwisho wa mfupa wa paja lake. Utaona kitu cheupe, laini, kinachong'aa na kuteleza ukikigusa. Hilo linaitwa gegedu. Sisi binadamu tunalo pia. Ndani ya goti limefunika miisho ya mifupa ili isisagane tunapotembea.

Gegedu likianza kulika na kuwa jembamba, goti zima hubadilika. Mfupa ulio chini yake huota vijinundu pembeni. Utando wa ndani huwashwa na kuvimba, na mara nyingine maji hujaa. Misuli ya paja inayolishikilia goti hulegea. Ugonjwa huu madaktari wanauita osteoathraitisi. Watu wengi huuita baridi yabisi, lakini jina hilo pia hutumiwa kwa ugonjwa mwingine wa viungo, ule unaoshambulia viungo vingi kwa pamoja, hasa vidole vya mikono yote miwili. Ugonjwa huo mwingine humkakamaza mtu asubuhi kwa saa nzima au zaidi, na una dawa zake maalumu. Huu tunaouzungumzia leo hukakamaza goti asubuhi kwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya nusu saa.

Nyanya wa boma lile si peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na osteoathraitisi, na goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi: watu milioni 365. Katika kila wagonjwa 10, 6 ni wanawake. Hatari huongezeka mwanamke akishakoma hedhi. Huongezeka pia kwa mtu mwenye uzito mkubwa, kwa aliyewahi kuumia goti, na kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi akipiga magoti, akichuchumaa au akibeba mizigo mizito. Nani katika nchi hii hubeba maji na kuni? Akina mama mnajua jibu.

Basi ugonjwa huu si laana na mtu hajarogwa. Baridi ya asubuhi inaweza kufanya goti lihisi vibaya, lakini siyo iliyoleta ugonjwa. Wengine husema, "Mafuta ya goti yameisha," wakamnywesha mzee supu ya mifupa kila siku ili yarudi. Supu ni chakula kizuri, mpe. Ila hairudishi gegedu. Mpaka leo hakuna dawa ya kunywa iliyothibitishwa kuliotesha upya.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka kwenye ute ulio ndani ya goti. Linapobanwa na kuachiliwa, kama sifongo, ndipo linanyonya ute huo. Linabanwa na kuachiliwa lini? Mtu anapotembea. Mtu akiketi siku nzima, gegedu lililobaki linakosa chakula, na misuli ya paja inakonda. Misuli ikikonda, goti linabeba mzigo wote peke yake na kuuma zaidi. Likiuma zaidi, mtu anaketi zaidi. Ndivyo nyanya yule alivyozunguka mpaka akashindwa kufika langoni.

MAISHA MEMA HUPIMWAJE?

Huko Kanada, katika miaka ya 1980, watafiti walitunga orodha ya maswali 24 ya kumuuliza mtu mwenye ugonjwa huu wa goti au nyonga. Orodha hiyo inaitwa WOMAC, na hutumiwa katika nchi nyingi hadi sasa. Maswali 5 ni ya maumivu. Maswali 2 ni ya kukakamaa. Yale 17 yaliyobaki yanahusu kazi za kila siku: kupanda na kushuka ngazi, kuinuka kitini, kuvaa soksi, kwenda dukani, kuketi na kuinuka chooni, kazi ndogo na kazi kubwa za nyumbani.

Mnaona jambo hilo? Maswali 17 kati ya 24 yanahusu yale mtu anayoweza au asiyoweza kufanya. Wataalamu walijua kwamba mgonjwa wa goti haumizwi na maumivu peke yake. Anaumizwa na yale ambayo maumivu yamemnyang'anya.

Ndiyo maana picha ya eksirei haitoshi kutuambia mzee anaishije. Kuna mtu ambaye picha ya goti lake inatisha, naye anakwenda sokoni na kurudi. Kuna mwingine ambaye picha si mbaya sana, lakini ameacha kutoka nje.

Orodha ile ya Kanada haiulizi juu ya kuteka maji, kupika kwenye mafiga, kusujudu, kupiga magoti kanisani au kupanda matatu. Hayo tutamuuliza sisi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikuwa na sababu yao. Lakini mgonjwa wa goti aulizwe. Keti naye jioni moja, zima redio, umuulize hivi: "Mama, goti hili limekuzuia jambo gani ambalo unalitamani sana?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimjibu wewe. Mmoja atasema anataka kuabudu na wenzake. Mwingine atataka kumbeba mjukuu, na mwingine atataka tu kwenda chooni bila kushikwa mkono na kijana wa kiume. Chochote atakachosema, hilo ndilo liwe lengo lenu. Mazoezi, dawa na fimbo ni vyombo vya kumfikisha hapo.

MAZOEZI: TUFANYE PAMOJA SASA

Ndugu msikilizaji, mazoezi ndiyo tiba ya kwanza ya ugonjwa huu, kabla ya vidonge. Ninajua utasema, "Goti linauma, nitafanyaje mazoezi?" Tutaanza na yale madogo. Ikiwa mgonjwa ana ugonjwa wa moyo au aliwahi kuanguka, amwone mhudumu wa afya kwanza.

La kwanza. Mgonjwa akae kitandani, mguu umenyooka. Kunja leso, uiweke chini ya goti. Sasa akandamize leso ile kwa goti, akikaza paja. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, tano. Aachilie. Afanye hivyo mara 10, kisha mguu wa pili.

La pili. Akae kwenye kiti. Anyooshe mguu mmoja mbele mpaka unyooke, auzuie hapo huku mkihesabu hadi 5, kisha aushushe polepole. Mara 10 kila mguu.

La tatu, na hili ndilo muhimu kwa maisha ya kila siku. Akae kwenye kiti imara, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Asimame, kisha aketi tena polepole, asijitupe. Ikimbidi kujisukuma kwa mikono, sawa. Aanze na mara 5. Baada ya wiki kadhaa atafika 10.

La nne ni kutembea. Tembea mahali tambarare, dakika 5 ukiweza, kisha ongeza kidogo kidogo kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Na maumivu je? Shika kanuni hii. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari, hayamaanishi goti linaharibika. Lakini yakizidi sana, au yakiendelea mpaka siku ya pili, ujue mmefanya mengi mno. Punguzeni, msiache. Siku ambayo goti limevimba, lipumzishe kidogo na kuliwekea kitambaa cha maji baridi. Asubuhi likiwa limekakamaa tu bila kuvimba, kitambaa cha maji ya moto yasiyochoma husaidia.

Msitarajie nafuu wiki ya kwanza. Watu wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki 6 hadi 12. Hospitali nyingi za kaunti zina wataalamu wa tiba ya viungo wanaoweza kumfundisha mazoezi yanayomfaa. Omba upelekwe kwao.

NYUMBA IMSAIDIE, ISIMPIGE VITA

Sasa nirudi kwenye kigoda. Kadiri mahali pa kuketi palivyo chini, ndivyo goti linavyokunjwa zaidi na kubeba mzigo mkubwa mtu akiinuka. Kwa hiyo mgonjwa wa goti akalie kiti cha juu, chenye mikono ikiwezekana. Kitanda kikiwa cha chini, kiinueni kwa matofali au vipande vya mbao vilivyo imara.

Jikoni, inueni jiko juu ya jukwaa la matofali na udongo ili apike amesimama au ameketi kitini. Maharagwe anaweza kuchambua mezani. Nguo ndogo anaweza kufua beseni likiwa juu ya benchi.

Maji. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20. Mzigo huo si wa goti bovu. Mzee anayetaka kuteka maji achukue mtungi wa lita 3 au 5, na ile mikubwa ije kwa mkokoteni au vijana waibebe.

Choo. Hapa nawaomba mnisikilize sana, kwa sababu wazee wetu huona haya kulisema. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni adhabu kwa goti bovu. Wengi huacha kunywa maji ili wasiende. Matokeo yake ni choo kigumu, kizunguzungu na maradhi ya njia ya mkojo. Dawa yake ni fundi seremala. Tengenezeni kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikae imara juu ya tundu la choo. Pigeni nguzo au upau ukutani wa kushikilia. Njia ya kwenda chooni iondolewe mawe, na usiku awe na taa au tochi. Kwa usiku wa mvua, ndoo yenye kifuniko chumbani si aibu. Aibu ni mzee kuvunjika nyonga gizani.

Fimbo. Wengi huishika upande wa goti bovu. Hapana. Goti la kulia likiuma, mkongojo uwe mkono wa kushoto. Uende mbele pamoja na mguu unaouma. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima, na chini uwe na mpira usiteleze. Kwenye ngazi, kumbukeni maneno haya: mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza. Yaani akipanda, atangulize mguu usiouma. Akishuka, atangulize unaouma.

Viatu viwe vya kisigino kifupi, vyenye soli laini na visivyoteleza. Kwenye matatu, mwombe makanga asimamishe gari kabisa kabla mzee hajapanda, na mumtafutie kiti cha karibu na mlango.

Na ibada. Mkristo asiyeweza kupiga magoti aombe ameketi. Mwislamu asiyeweza kusujudu ameruhusiwa kuswali kwenye kiti. Mzee asikose ibada kwa kuona haya. Mpelekeeni kiti mapema, mkiweke mahali atakapokuwa pamoja na wengine, asijione ametengwa.

UZITO NA CHAKULA

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwapima wazee wanene wenye ugonjwa huu. Ulionyesha kwamba kila kilo 1 mtu aliyopunguza, goti lilipunguziwa mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Mtu akipunguza kilo 5, goti linatua kilo 20 kila anapokanyaga. Hiyo ni kama kuutua ule mtungi wa maji.

Hatusemi alale njaa. Punguza sukari kwenye chai, mafuta ya kukaangia, soda na maandazi. Ugali uwe mdogo kidogo, na mboga ziwe nyingi: sukuma wiki, managu, kunde, terere. Maharagwe, ndengu, omena, mayai na maziwa asinyimwe, kwa sababu misuli ya paja inahitaji chakula cha kujenga mwili. Na ikiwa mzee wenu ni mwembamba, habari hii ya kupunguza si yake. Yeye ale ashibe.

DAWA: TUWE MACHO

Nimeona mifuko ya dawa za maumivu chini ya mito ya wazee wengi. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza goti, ni kweli. Lakini zikimezwa kila siku bila kupimwa zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Hatari ni kubwa zaidi kwa mzee, na kwa mwenye presha, kisukari, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo. Asimeze mbili za aina hiyo kwa pamoja, zikiwa na majina tofauti kwenye pakiti. Akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa goti, mara nyingi ni afadhali kuanza na dawa ya kupaka ya aina hiyo hiyo, kwa ushauri wa mhudumu wa afya, kwa sababu kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Asipake mahali penye kidonda.

Jihadharini pia na unga au vidonge visivyo na jina vinavyouzwa sokoni na kwenye mabasi kwamba vinaponya viungo vyote. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimepimwa na kukutwa zimetiwa steroidi kisirisiri. Mzee huamka siku ya pili akitembea, na nyote mnashangilia. Miezi michache baadaye uso umekuwa mviringo, sukari imepanda na mifupa imedhoofika. Kama mzee wenu ametumia dawa hizo muda mrefu, asiache ghafla. Mpelekeni kwa daktari pamoja na dawa yenyewe. Wala msimchanje chale gotini, kwani usaha ukiingia ndani ya kiungo ni hatari kubwa.

Kuna sindano ya gotini ambayo daktari anaweza kumpa. Inaweza kumpa nafuu ya wiki kadhaa, lakini haifai kurudiwa mara kwa mara. Na kuna upasuaji wa kubadilisha goti, kwa yule ambaye amejaribu mengine yote na bado halali na hatembei. Si jambo la kuogopa kama zamani. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti ya bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Ni matibabu ya gharama, basi ulizeni hospitalini mapema bima ya SHA italipa kiasi gani, kabla ya kuuza ng'ombe.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Msikae nyumbani mkisema ni goti la kawaida ikiwa goti limevimba ghafla, lina joto na mgonjwa ana homa. Ikiwa ameanguka na hawezi kukanyaga. Ikiwa shavu la mguu limevimba na kuuma. Au ikiwa maumivu ni makali usiku na mtu anakonda. Na akina mama, mtoto akivimba goti au akianza kuchechemea, hiyo si osteoathraitisi. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyo.

NA WEWE UNAYEMTUNZA

Mama, usimpokonye kazi zote. Mwachie zile anazoziweza, hata akizifanya polepole, hata chai ikichelewa. Akishindwa msaidie, asiposhindwa mwache. Mtu mzima asiye na kazi yoyote katika boma lake huanza kujiona mzigo. Ukimwona halali, hali, analia au anasema heri afe, usipuuze. Hilo nalo ni ugonjwa na lina matibabu. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu.

Nawe ujitunze. Usimwinue mzee kwa mgongo wako. Simama mbele yake, mwache ajisogeze ukingoni mwa kiti, ainame mbele na kujisukuma, wewe umshikilie tu asianguke. Gawaneni zamu. Kutunza mzee si kazi ya mkaza mwana peke yake. Watoto wa kiume wana mikono pia.

TURUDI KWENYE BOMA LILE

Jioni moja mkaza mwana yule aliketi na nyanya, akamuuliza swali lile. Nyanya hakusema, "Nataka goti lipone." Alisema, "Nataka kukaa na wenzangu Alhamisi."

Basi wakaanza. Wiki ya kwanza ilikuwa kuinuka kitini mara 5, asubuhi na jioni. Wiki ya tatu alifika langoni na mkongojo mkono wa kushoto. Seremala akatengeneza kiti cha choo, na nyanya akarudia chai yake ya jioni. Kuchambua mboga kukarudi mikononi mwake. Wiki ya sita alifika kwenye duka la jirani, akapumzika kwenye benchi, akarudi. Kulikuwa na wiki moja mbaya ambayo goti lilivimba na alilia akisema ameacha. Walipumzika siku 3, wakaanza tena na hatua chache.

Wiki ya kumi, siku ya Alhamisi, alifika chamani. Mjukuu alitangulia na kiti kichwani. Mweka hazina akafungua daftari, akamsomea deni lake la mwaka mzima, na nyanya akacheka kicheko ambacho boma lake lilikuwa limekisahau.

Goti lake linauma hadi leo. Sitawadanganya. Lakini ukimuuliza habari, haanzi tena na goti.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Goti bovu linahitaji kutembezwa, si kufungiwa kitini. Muulize mgonjwa analotamani kufanya, hilo liwe lengo. Mazoezi ya paja kila siku. Kiti cha juu, choo cha kuketi, mkongojo upande wa pili. Uzito ukizidi, upungue. Dawa za maumivu zitumiwe kwa ushauri, na zile zisizo na jina tusiziguse.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni mzee gani aliyeacha kuja kanisani, msikitini au chamani kwa ajili ya magoti? Nani atamtembelea wiki hii?

2. Ni kazi zipi tumewapokonya wazee wetu ambazo bado wangeziweza?

3. Kiti cha choo kinaweza kutengenezwa hapa kwa gharama gani? Je, chama chetu kinaweza kusaidia?

4. Kila mmoja asimame na kuketi mara 5 bila kutumia mikono. Ni nani kati yetu anayehitaji kuanza mazoezi leo?